Muhamadi Kijuma wa Lamu: Mchongaji, Mwandishi wa Hati na Mtunza Tungo

Utangulizi

Mwanafunzi anayezisoma tungo za kale za Lamu katika kitabu kilichopigwa chapa huliona jina la mtunzi na jina la mhariri. Kati ya hao wawili alikuwapo mtu wa tatu ambaye aghalabu hatajwi. Huyo ndiye aliyeishika kalamu ya tete, akaichovya katika wino na kuzinakili beti moja baada ya nyingine mpaka utungo ukatimia. Katika tungo nyingi za Kiamu zilizowafikia wataalamu wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, mtu huyo alikuwa Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari, ambaye wengi humjua kwa jina la Kijuma. Wapo wanaoliandika jina hilo Kijumwa. Tofauti hiyo ndogo ya tahajia yafaa ikumbukwe, kwa maana maisha yake yote yalihusu maandishi na namna yanavyosomwa.

Kijuma hakuwa mnakili tu. Alikuwa mchongaji wa mbao, mwandishi wa hati aliyesifika kwa uzuri wa mwandiko, mtunzi wa mashairi na nyimbo, mpigaji ala na mchezaji wa ngoma. Katika historia ya fasihi ya Kiswahili, mengi kati ya hayo yamefunikwa na kazi moja, yaani ile ya kuwaandikia wageni wa Kizungu. Wahenga walinena kuwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Kijuma ni kutazamwa kama msanii kamili ambaye mkono wake ulizihifadhi tungo za watu wengine na, katika kuzihifadhi, ukaziachia alama yake mwenyewe.

Lamu ya utotoni mwake

Inakadiriwa kwamba Kijuma alizaliwa mwaka 1855 mjini Lamu. Mwaka uliofuata Sayyid Said bin Sultan, aliyezitawala Oman na Unguja, alifariki dunia. Mnamo mwaka 1858, Kijuma akiwa angali mtoto mdogo, Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi wa mawaidha ambao ungekuja kujulikana kote kunakosomwa Kiswahili. Hivyo basi, Kijuma alizaliwa katika zama ambapo utendi ulikuwa ukitungwa, ukisomwa na kusikilizwa majumbani. Haukuwa kumbukumbu ya kale inayotafutwa maktabani.

Mji wenyewe ulikuwa umepata nguvu baada ya vita vya Shela, vilivyopiganwa yapata mwaka 1812. Katika vita hivyo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa waliokuwa wameungana dhidi yao. Baada ya ushindi huo Lamu ilijiweka chini ya himaya ya Oman, na biashara ikastawi. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi. Matajiri walijenga nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye zidaka ukutani na milango mizito ya mbao. Ni lazima isemwe pia kwamba utajiri huo ulitokana kwa kiasi kikubwa na jasho la watumwa waliolima mashamba ya bara, mkabala na kisiwa. Utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mashamba yaliyoilisha Lamu yakadidimia.

Mtoto wa Kiislamu katika mji huo alianza elimu yake chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani. Hapo ndipo mkono ulipofunzwa kuandika herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, na sikio likazoea kisomo cha mahadhi. Elimu hiyo ya mkono na sikio ndiyo msingi wa mambo yote aliyoyafanya Kijuma baadaye. Herufi alizojifunza kwa ajili ya dini zilikuwa hizo hizo zilizoandikiwa barua za wafanyabiashara na beti za Kiswahili.

Fundi wa mbao

Uchongaji wa mbao ni sanaa ambayo Lamu inasifika kwayo hata leo. Mlango wa Kiswahili una sehemu zake na kila sehemu ina kazi yake. Miimo miwili husimama kando, kizingiti hulala juu, na katikati husimama mfaa, ule ubao mwembamba unaoziba mwanya baina ya mbao mbili za mlango. Mafundi walipenda kutumia mbao ngumu kama mbambakofi, zisizoliwa upesi na mchwa wala kuharibiwa na hewa ya chumvi. Nakshi zake ni za maua, majani, minyororo na maumbo yanayofuatana kwa mpango usiokatika.

Kijuma alikuwa bingwa wa sanaa hiyo. Ubingwa huo unahusiana moja kwa moja na uandishi wake. Fundi anayechonga kizingiti huanza kwa kupima nafasi, kisha huchora, halafu hukata. Akikosea kukata hana njia ya kufuta. Juu ya vizingiti vya pwani huwapo pengine aya za Kurani, jina la mwenye nyumba au mwaka uliohesabiwa kwa Hijra, na hapo patasi hufanya kazi ya kalamu. Mchongaji wa aina hiyo hana budi kujua namna herufi zinavyoshikamana, mahali zinapoweza kurefushwa ili zijaze nafasi, na mahali pambo linapoanza kumzuia msomaji asisome.

Tabia hizo zinaonekana katika hati za Kijuma. Kurasa zake zinajulikana kwa mwandiko safi na kwa mapambo. Mtu aliyekwisha kuuzoea ubao hauoni ukurasa kuwa chombo cha kubebea maneno peke yake, bali huupima, huupanga na kuupamba kama kitu kitakachotazamwa. Kwa sababu hiyo, kumwita Kijuma mnakili bila kutaja uchongaji wake ni kuieleza nusu moja tu ya ufundi wake.

Mtu wa ngoma na nyimbo

Upande mwingine wa maisha ya Kijuma ulikuwa uwanjani. Lamu imegawanyika tangu kale katika sehemu mbili, Mkomani na Langoni, na ushindani wa mitaa na vikundi ulipata nafasi yake katika ngoma na mashairi. Washindani walijibizana kwa beti, wakafumba na kufumbua, wakatumia fedha nyingi ili kuwashinda wenzao kwa mavazi, vyakula na ustadi wa maneno. Gungu ni mojawapo ya ngoma hizo zenye historia ndefu, na nyimbo zake ni hazina ya Kiswahili cha kale. Kijuma alizitunga nyimbo, alizicheza ngoma na alipiga ala.

Sifa ya namna hiyo haikuwa nyepesi kuibeba katika mji wa wanazuoni. Suala la ngoma na ala lilizua mjadala mkali Lamu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Hata Habib Saleh, mwanachuoni aliyeasisi msikiti na chuo cha Riyadha huko Langoni, alipingwa na baadhi ya masharifu kwa kuruhusu matari katika maulidi. Ikiwa matari ya kumsifu Mtume yaliweza kuleta mzozo, si vigumu kukisia jinsi mtu wa gungu na mashindano alivyotazamwa na wakali wa dini.

Hata hivyo, uwanja huo ulimpa Kijuma kitu ambacho chuo peke yake kisingempa. Beti za mashindano hukaa vichwani mwa watu, hubadilika kwa hali na hueleweka kwa kujua nani alimjibu nani na kwa sababu gani. Aliyekulia humo huwa na kumbukumbu kubwa ya tungo na ya mazingira yake. Wataalamu walipokuja baadaye kutafuta maandishi, walimkuta mtu mwenye kalamu mkononi na tungo kichwani.

Mkono na maana

Umuhimu wa Kijuma katika historia ya fasihi hauwezi kupimwa bila kuelewa ugumu wa kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zilitumika pwani kwa karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi kuletwa. Herufi za Kiarabu zilizaliwa na lugha nyingine, na Kiswahili kina sauti ambazo Kiarabu hakina. Katika mtindo wa zamani, herufi moja ya ba iliweza kusomwa b, p, mb au hata mp. Alama ya kasra ilibeba i na e, na ile ya dhamma ikabeba u na o. Aidha, Kiamu kina tofauti za matamshi ambazo mgeni hazisikii upesi.

Hivyo basi, msomaji wa muswada wa zamani hakutegemea jicho peke yake. Alihitaji kuujua utungo, au angalau kuijua arudhi yake, ili achague neno lililo sawa. Urari wa mizani na vina ulimsaidia, kwa sababu neno lisilotimiza mizani nane za kipande cha utendi huonekana mara moja kuwa na kasoro. Mnakili naye alikuwa katika hali hiyo hiyo. Aliponakili muswada mkuukuu ulioliwa na wadudu au uliofifia wino, ilimbidi aamue neno gani lilikusudiwa. Kila uamuzi wake uliingia katika nakala mpya, na nakala hiyo ikawa ndiyo matini ya msomaji atakayefuata.

Kutokana na hali hiyo, mnakili wa tungo za Kiswahili alikuwa pia mhariri, na pengine mfasiri wa lahaja na wa zama. Kijuma aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Tungo za dini, mawaidha, visa vya mitume na nyimbo za ngoma zilipita mikononi mwake. Nyingine zilitungwa kabla yake kwa muda mrefu, nyingine zilikuwa za watu wa zama zake, na baadhi zilikuwa zake mwenyewe. Baina ya kuhifadhi, kurekebisha na kutunga hapakuwa na ukuta mrefu kama ule uliojengwa baadaye na taaluma ya vitabu vya chapa.

Wageni wenye kiu ya maandishi

Hamu ya Wazungu ya kukusanya tungo za Kiswahili ilianza kabla ya Kijuma kujulikana. Edward Steere alichapisha mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870, akiutia humo mkasa wa Liyongo kwa nathari. Mjini Mombasa, mmishonari William Taylor alikusanya tungo za Muyaka bin Haji kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Utaratibu ukawa huo: mgeni alikuja na karatasi na fedha, na mwenyeji mwenye ujuzi akaandika, akasoma na kueleza. Kitabu kilipotoka, jina la mgeni ndilo lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Kwa upande wa Lamu, mwenyeji aliyetafutwa zaidi alikuwa Kijuma. Alice Werner, aliyezuru Afrika Mashariki kati ya mwaka 1911 na 1913 na ambaye baadaye alifundisha Kiswahili London, alikuwa miongoni mwa waliopata maandishi kutoka kwake. William Hichens naye aliagiza nakala nyingi. Mwaka 1934 Werner na Hichens walichapisha pamoja utendi wa Mwana Kupona. Werner alifariki mwaka 1935, na Hichens akaendelea kwa kuitoa Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mjerumani Ernst Dammann, aliyekuwa mmishonari Tanga, alifika Lamu mwaka 1936 akakusanya tungo nyingi kwa msaada wa Kijuma. Sehemu ya tungo alizozikusanya Lamu ilichapishwa Ujerumani mwaka 1940, katika kitabu kikubwa cha mashairi ya Kiamu. Wakati Dammann alipofika, Kijuma alikuwa mzee wa miaka 80 hivi.

Kijuma alilipwa kwa kazi hiyo. Wapo wanaoweza kuona aibu katika jambo hilo, lakini hakuna sababu ya kuona aibu. Fundi wa milango hulipwa, na mwandishi wa hati hali kadhalika. Yafaa kuikumbuka pia hali ya Lamu yenyewe. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na biashara ikahamia huko. Mashamba ya bara yalikuwa yamepoteza nguvu kazi yake, na matajiri wa kuagiza milango mipya ya nakshi wakawa wachache kuliko zamani. Yamkini wageni wenye kiu ya maandishi waliziba sehemu ya pengo lililoachwa na wenyeji waliopungukiwa.

Suala la Liyongo

Kazi inayodhihirisha vizuri zaidi nafasi ya Kijuma ni Utendi wa Fumo Liyongo. Shujaa mwenyewe ni wa kale sana. Visa vyake vya nguvu, vya kifungo, vya gungu na vya kuuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni vilisimuliwa pwani kwa vizazi na vizazi. Lakini utendi wa beti zipatazo 230 unaosomwa vyuoni uliandikwa na Kijuma mwaka 1913, sawa na mwaka 1331 wa Hijra. Werner aliuchapisha katika jarida la chuo chake cha London kati ya mwaka 1926 na 1928.

Mwaka 1999 Mugyabuso Mulokozi aliuhariri utendi huo pamoja na ule wa Mwana Kupona na Al-Inkishafi, katika kitabu kinachojulikana sana kwa wanafunzi, Tenzi Tatu za Kale. Kati ya tenzi hizo tatu, ule wa Liyongo una shujaa wa kale zaidi, ilhali maandishi yake ni mapya zaidi. Al-Inkishafi ilitungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Utendi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858. Ule wa Liyongo ulitoka mikononi mwa mtu aliyekuwa hai hadi mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia.

Jambo hili lina uzito kwa anayehakiki. Mwanafunzi anayeuchambua utendi huo kama sauti ya zama za Liyongo mwenyewe huenda akamnyang'anya Kijuma kazi yake bila kukusudia. Uteuzi wa visa, mpangilio wake, mahali pa kuharakisha na mahali pa kukawia, ni kazi ya mtunzi aliyekwisha kuwa na umri wa miaka 58 hivi, aliyeijua gungu kwa miguu yake na hati kwa mkono wake. Sehemu ya utendi inayosimulia jinsi Liyongo alivyotumia kelele za ngoma ili akate minyororo na kutoroka gerezani ilipata mwandishi aliyeijua ngoma kutoka ndani. Kwa upande mwingine, anayemwona Kijuma kuwa mbunifu wa kila kitu naye hukosea, maana mkasa alioutumia Steere mwaka 1870 unaonyesha kwamba kisa kilikuwapo tayari midomoni mwa watu. Kijuma alikipokea kutoka kwa jamii, akakitia katika bahari ya utendi na kukipa umbo ambalo ndilo linalosomwa.

Zama zinageuka

Kijuma aliishi muda mrefu kiasi cha kuyaona mazingira ya sanaa yake yakigeuka. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Vitabu vya shule vilichapishwa kwa hati za Kirumi na kwa lahaja hiyo. Kiamu, chenye ndia mahali pa njia na tini mahali pa chini, kikabaki nje ya mlango wa darasa pamoja na hati zilizokibeba.

Mabadiliko hayo hayakukusudiwa kumdhuru mtu kama Kijuma, lakini yalimwacha na warithi wachache. Kijana wa Lamu aliyetaka kazi ya ofisi alihitaji herufi za Kirumi. Utendi ulizidi kusomwa kama somo la historia ya lugha, na wasomaji wa miswada wakapungua huku wasomaji wa vitabu wakiongezeka. Kijuma alifariki dunia mwaka 1945 akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Aliacha nyuma yake kurasa nyingi zilizotawanyika mbali na mji alikoziandikia.

Urithi uliovuka bahari

Miswada ya Kijuma imo leo katika maktaba za London na Ujerumani. Mkusanyiko mkubwa wa Hichens umehifadhiwa katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, SOAS, huko London. Alivyovikusanya Dammann vilikwenda Ujerumani. Afrika Mashariki nayo ina hazina yake katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliorodheshwa na J.W.T. Allen katika katalogi iliyotoka mwaka 1970.

Swali linalofuata haliepukiki: je, Kijuma aliuza urithi wa watu wake? Wanaojibu kwa ndiyo wana hoja. Mwanafunzi wa Kenya anayetaka kuushika kwa mkono wake muswada ulioandikwa Lamu hulazimika kusafiri hadi Ulaya, na walioinua majina yao kwa miswada hiyo hawakuwa wenyeji wa Lamu. Lakini ipo hoja ya upande wa pili. Alichowapa wageni kilikuwa kwa sehemu kubwa nakala, na kunakili hakumwondolei mwenye utungo utungo wake. Isitoshe, hewa ya chumvi, unyevu na mchwa haviihurumii karatasi, na miswada mingi iliyobaki majumbani pwani imepotea bila ya mtu yeyote kuiuza. Tungo kadhaa zinasomeka leo kwa sababu Kijuma alikubali kukaa na kuziandika upya.

Pengine kosa halikuwa katika kuandika wala katika kuuza. Lilikuwa katika kutokuwapo taasisi ya nyumbani ambayo ingeagiza nakala ya pili ya kila alichokiandika. Serikali ya kikoloni haikuiona haja hiyo, na wenyeji wenye mali hawakuwa na mazoea ya kujenga maktaba za umma. Kijuma aliwaandikia waliomwomba aandike.

Taaluma ilichelewa kumpa heshima yake, ingawa haikumsahau kabisa. Mwaka 1983 Mohammad Abou Egl alikamilisha tasnifu ya uzamifu kuhusu maisha na kazi za Kijuma huko SOAS. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha kitabu chenye matini zake kutoka mkusanyiko wa Dammann na mikusanyiko mingine. Baadhi ya miswada iliyoko London imekwisha kupigwa picha na huweza kusomwa kwa intaneti, jambo linalopunguza umbali uliowatenganisha wasomi wa Afrika Mashariki na kurasa hizo. Katika pwani yenyewe, kazi ya kunakili na kueleza tungo za kale iliendelezwa na watu kama Sheikh Ahmed Nabahany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, ambaye naye alikuwa mtunzi na mhifadhi kwa wakati mmoja. Mji wa kale wa Lamu, pamoja na milango yake, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Hitimisho

Maisha ya Muhamadi Kijuma yanaonyesha kwamba fasihi andishi ya Kiswahili haikutufu hewani kutoka kwa mtunzi hadi kwa mchapishaji. Ilipita mikononi mwa mafundi. Fundi huyu wa Lamu alitumia ustadi wa patasi katika kurasa, kumbukumbu ya uwanja wa ngoma katika kunakili, na elimu ya chuoni katika kuzipa sauti za Kiswahili herufi zisizozaliwa nazo. Kumtenganisha mchongaji na mwandishi, au mwandishi na mtunzi, ni kumgawa mtu ambaye mwenyewe hakujigawa.

Yapo mambo mawili ambayo idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya zinaweza kuyafanya bila gharama kubwa. La kwanza ni kulitaja jina la mnakili kila matini ya kale inapotajwa, ili mwanafunzi ajue nakala anayoisoma ilitoka mkononi mwa nani na mwaka gani. La pili ni kufundisha kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu, angalau kwa kiwango cha kumwezesha mwanafunzi kuulinganisha ukurasa wa Kijuma na kitabu cha chapa. Atakayefanya hivyo atakutana na herufi ya ba mahali ambapo mhariri ameandika p au mb, naye atalazimika kujiuliza neno lililokusudiwa ni lipi. Hapo atakuwa ameanza kuifanya kazi aliyoifanya Kijuma.